Kiu ya Fundi Lifti

Kama kuna kitu Miwani alikidharau kuliko vumbi kwenye lenzi, ni mwanamume asiyejua anachotaka. Na kama kulikuwa na cha pili, ni mwanamume anayejua anachotaka, kisha akadhani dunia nzima imepangwa kwenye shelfu ikimngoja yeye achague. Mchana ule, kwa bahati yake mbaya, wote wawili alikuwa nao chumba kimoja, ghorofa ya sita, katika darasa la Kijapani la wanaoanza.

Jina la Miwani alipewa na wenzake darasani kwa sababu ya kazi yake, nalo likamfuata mpaka nyumbani. Alifanya kazi chumba cha nyuma cha duka la miwani, akichonga lenzi na kuzibana kwenye fremu kwa bisibisi nyembamba. Mashine ya kuchongea ilitoka Japani, na ilikuwa na tabia ya kuzima katikati ya kazi na kuandika maneno ambayo hakuna mtu dukani aliyeyaelewa. Alijiandikisha kozi ili aisome mashine. Alipogundua kwamba darasa zima hakuna wa kumfikia, akanogewa, maana kuwadharau watu kwa lugha mbili ni raha kuliko kwa moja.

Siku ile ilikuwa ya kufunga kozi. Kila mwanafunzi aliruhusiwa kuleta mgeni, na mgeni wa Miwani alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu yuko darasa la pili. Shangazi alikaa kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani, akihema kwa zile ngazi, maana lifti ya jengo ilikuwa imekufa siku nyingi.

"Jibu langu nalitaka leo," alimnong'oneza Miwani. "Bwana Vigae ameniahidi atatamka mbele ya watu. Kwa Kijapani! Marehemu mume wangu alinitamkia kwa Kiswahili, tena akiwa anatafuna."

"Akishatamka?"

"Unasema ndiyo, tunakunywa soda, tunakwenda zetu nyumbani."

"Na nikisema hapana?"

"Utanieleza kwa nini. Mimi nimekupa sababu mpaka nimechoka. Ana duka la vigae, ana nyumba, ana dereva. Wewe nipe moja tu ya kumkataa. Moja, mwanangu, nami nitanyamaza."

Miwani alifungua daftari lake, akalifunga. Sababu yenyewe ilikuwa imekaa dawati la mwisho karibu na dirisha, imevaa ovaroli, imepauka kwa vumbi mpaka kwenye kope, na haikuwa na habari.

Huyo ndiye Fundi Lifti. Alitengeneza lifti kwenye majengo ya mjini, nyingi zikiwa na maandishi ya Kijapani, na mwajiri wake ndiye aliyemleta kozi. Kila siku ya somo alifika moja kwa moja kutoka kwenye mashimo ya lifti, akapanda ghorofa zote sita kwa miguu, akaingia amechelewa. Darasa halikuchoka kumcheka: fundi lifti mzima, anapanda ngazi! Mwenye jengo hajaniita, alikuwa akijibu, na kujikalia.

Mwalimu wao, mama mfupi mwenye sauti kavu ambaye wote walimwita Sensei, alikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Tangu walipojifunza kusema wanataka nini, kila somo lilianza hivyo: unasimama, unamtazama mtu mmoja usoni, unamwambia kwa Kijapani unataka nini. Ukishasema ndipo unakaa. Miwani alitaka kusoma vitabu, alitaka kuona theluji, alitaka kununua mashine mpya, kila siku jipya, na kila siku bila kosa. Fundi Lifti siku zote alitaka kitu kimoja.

"Miizu ga nomitai desu," alikuwa akisema. Nataka kunywa maji.

"Mizu!" darasa lilimsahihisha kwa pamoja. "Usivute! Mizu!"

"Mizu ga nomitai desu," alirudia kwa upole, akakaa.

Miwani alicheka kuliko wote. Mtu ana mabega yale, ana macho yale yanayotulia juu ya mtu kama yamefika nyumbani, halafu katika vitu vyote vya duniani anataka maji! Alimcheka, akamdharau, na usiku akiwa kitandani akayawaza yale macho mpaka akajikasirikia.

Wiki iliyotangulia alikuwa amejishusha, jambo ambalo hakulizoea. Waliposhuka ngazi pamoja, alisimama makusudi ghorofa ya nne, akamwambia, "Wiki ijayo Shangazi anataka jibu."

"La Bwana Vigae?"

"La nani mwingine?"

Fundi Lifti aliufuta mkono kwenye suruali, ukawa mchafu zaidi. "Wewe unataka nini?"

"Nakuuliza wewe!"

"Hujaniuliza. Umenipa taarifa."

"Basi nimekuuliza."

Alifungua mdomo, akaufunga. Miwani alimwona akimeza mate, akamwona akitazama taa ya ngazi, reli, viatu vyake mwenyewe.

"Nikisema utacheka," alisema Fundi hatimaye.

"Nicheke nini?"

"Kila nikisema kitu unacheka."

"Kwa sababu kila siku unasema maji! Domo zege we! Milango ya lifti unaipanua kwa mikono miwili, mdomo wako mwenyewe umekushinda. Basi endelea kuning'inia humo kwenye mashimo yako."

Akashuka kwa kishindo. Ghorofa ya tatu alipunguza mwendo, ya pili akasimama kabisa, akasikiliza kama kuna viatu vinamfuata. Hapakuwa na viatu. Alifika chini macho yamelowa, akalisingizia vumbi la ngazi. Hapo ndipo alipokata shauri: kama siku ya kufunga kozi ingepita huyu mtu bado bubu, angemkubali Bwana Vigae mbele ya macho yake, ili amkomoe.

Ndiyo maana sasa alikuwa ameketi wima, chupa ya maji mezani, daftari limefungwa, roho juu.

Bwana Vigae aliingia wakati Sensei amekwisha kuwakaribisha wageni na karibu wanafunzi wote wamekwisha kusema wanachotaka. Alikuwa amejiandikisha kozi kama wengine, lakini darasani alionekana mara chache, kila mara simu ikimlilia mfukoni. Alitaka kuagiza vigae kutoka Japani, na aliposikia kwamba kuna msichana mwenye sura na Kijapani kwa pamoja, aliona amepata vitu viwili kwa safari moja. Mara ya kwanza kufika nyumbani kwa Shangazi alimzunguka Miwani kwa macho, akauliza, "Hawezi kuongeza unene kidogo?" Mara ya pili akauliza kama kazi ya dukani ataiacha kabla ya harusi au baada. Yote hayo alimuuliza Shangazi. Miwani alikuwa kiti cha pili, anamenya chungwa.

"Shangazi yetu, shikamoo," alisema sasa, suti inameta, manukato yamemtangulia hatua mbili. "Samahani kwa kuchelewa. Mambo ya mzigo."

"Marahaba, baba. Tunakusubiri wewe tu."

"Somo la kutaka nimelishika lote," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Nilimtuma dereva anichukulie sauti ya somo, nikaisikiliza garini wiki nzima. Mwanamume lazima ajue kusema anachotaka."

"Karibu mbele," alisema Sensei. "Mchague unayemwambia, mtazame."

Bwana Vigae alisimama katikati ya chumba. Aliweka mkono wa kulia kifuani. Akamtazama Miwani kwa jicho legevu, akavuta pumzi, akaanza kwa sauti ya kutetemeka:

"Dai juuni ka."

Mtu mmoja nyuma alipaliwa. Miwani alidhani amesikia vibaya, lakini hapana. Yule bwana alikuwa amesema: Somo la kumi na mbili.

"Are ga hoshii desu," aliendelea Bwana Vigae, mkono ukipaa hewani. "Iie, sono chiisai no desu." Hapo alifumba macho. "Chotto takai desu ne. Motto yasui no wa arimasu ka." Akapiga goti moja, na darasa zima likainamia madawati, mabega yakitikisika. "Fukuro wa irimasen!" alilia kwa uchungu, kisha akamalizia kwa sauti nyembamba ya kike, sauti ileile ya kwenye kanda: "Maido arigatou gozaimasu."

Shangazi alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mungu wangu," alisema. "Maneno gani hayo mazito! Miwani, kasemaje?"

Sensei alikuwa anatazama ubao mtupu kwa makini sana. Bwana Vigae bado alikuwa amepiga goti, anamngojea Miwani.

"Mwanangu, tafsiri. Mbona mnanitazama hivyo?"

Miwani angeweza kumsitiri. Angesema amekusifu, amekuheshimu, anataka kunioa, na siku ingepita. Alimtazama yule bwana na goti lake, akamkumbuka alivyouliza habari ya unene, na huruma yote aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi, ikamwisha.

"Amesema hivi, Shangazi. Somo la kumi na mbili. Nataka kile pale. Hapana, hicho kidogo. Mbona ghali kidogo? Hakuna cha bei rahisi zaidi? Mfuko sihitaji." Akamtazama tena yule bwana. "Halafu mwenye duka akamwambia asante, karibu tena."

Kicheko kilipasuka mpaka madirisha yakatikisika. Bwana Vigae aliinuka, akipangusa goti.

"Hilo ni kosa la dereva," alisema. "Nilimwambia alete somo la kutaka!"

"Ndilo alilokuletea," alisema Sensei. "Mteja anataka kununua sahani."

"Jumatatu namfukuza."

"Mfukuze," alisema Miwani. "Lakini yeye hakukutuma uongee na mtu kama sahani. Hilo ulikuwa unalijua hata kabla ya kozi."

Aligeuka kumtazama Shangazi, akitegemea kuona aibu. Hakuiona. Shangazi alikuwa ameukunja mtandio wake vizuri na kuurudisha kichwani, na macho yalikuwa makavu kama hakulia.

"Sasa mnacheka nini?" aliuliza. "Kakosea maneno, sawa. Lakini kasimama. Kapiga goti mbele ya watu, kasema nataka. Tena hata hicho cha sahani kakisema kwa moyo. Wewe, Miwani, umenikatalia wangapi? Yule mrefu, yule wa benki, na sasa huyu. Nimekuomba sababu moja, hunipi. Haya, humu ndani kuna mwingine wa kusema? Kama yupo asimame nimwone!"

Hakuna aliyesimama. Miwani hakuthubutu kugeuza shingo kuelekea dirishani. Alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe, akaona hasira zinampanda kuanzia miguuni. Bubu yule! Hata sasa! Basi ndiyo, alijisemea, naisema hiyo ndiyo yenu, nikaishi na sahani wenzangu.

Alikuwa amekwisha kufungua mdomo wakati Sensei alipotazama orodha ya majina.

"Kuna ambaye bado hajasema," alisema. "Fundi."

Kiti kilikwaruza. Fundi Lifti alisimama, ovaroli yake ikidondosha vumbi sakafuni, akamtazama Miwani usoni kama kanuni ilivyotaka. Macho yalikuwa mekundu. Midomo ilikuwa imekauka. Kila mtu alijua kinachokuja, na baadhi walishaanza kutabasamu.

"Miizu ga nomitai desu."

"Mizu!" darasa likaitikia kwa furaha. "Mizu! Usivute!"

"Na huyu naye kasemaje?" aliuliza Shangazi.

"Anataka kunywa maji," alisema Miwani, akibetua midomo. Sauti ilimtoka chungu kuliko alivyokusudia. "Ndicho anachotaka siku zote, Shangazi. Hana kingine."

"Sasa mbona humpi?"

Miwani alimkodolea macho.

"Mtoto wa watu ana kiu," alisema Shangazi. "Midomo imempasuka, sauti imekauka, anakutazama wewe, anakuomba maji. Chupa hiyo hapo mbele yako, imejaa. Mnamsomesha wimbo! Ndivyo wanavyofanya huko Japani, mtu akiomba maji anaimbiwa?"

Hakuna aliyecheka. Sensei aliiweka chaki mezani polepole.

"Tangu mwanzo wa somo la kumi na mbili," alisema kwa sauti ya chini, "nimekuwa namsahihisha matamshi."

Dharau ni tamu sana ikielekea kwa wengine. Ilipomgeukia mwenyewe, Miwani aliisikia mpaka masikioni. Alikumbuka masomo yote yale, yule mtu ametoka vumbini, amepanda ghorofa sita, amesimama mbele yake akasema wazi, kwa lugha ambayo Miwani aliijua kuliko wote, kitu anachokitaka. Na yeye akasikia kosa la sauti tu. Aliichukua chupa. Akatembea mpaka dawati la mwisho, akamwekea mkononi.

Fundi Lifti alikunywa bila kupumua. Koo lilipanda na kushuka, maji mengine yakamchuruzika shingoni yakachora mistari kwenye vumbi, na chumba kizima kilimtazama mpaka chupa ikaisha. Kisha akaufuta mdomo wa chupa kwa kitambaa safi alichokitoa mfuko wa ndani, akamrudishia.

"Kwa nini hukuniomba kwa Kiswahili?" aliuliza Miwani. Alitaka sauti yake iwe ya ukali, ikakataa.

"Kanuni ya Mwalimu. Unamtazama mtu, unamwambia. Nilikuwa nakuambia wewe."

"Kila somo?"

"Kila somo."

"Na nilipokuwa nacheka?"

"Nilisema huyu kuna siku atamaliza kucheka, atanipa."

"Mjinga wewe," alisema Miwani, na machozi yakamtoka bila ruhusa. "Ungekufa kwa kiu."

"Ningekufa nimekuona."

Nyuma ya Miwani mtu alivuta kamasi. Miwani hakujali. "Na siku ile kwenye ngazi? Nilikuuliza, ukatazama taa."

"Siku ile sikutaka maji."

"Ulitaka nini? Sema. Mbele ya hawa hawa."

Fundi Lifti alimeza mate. Alitazama taa, akatazama dirisha, na Miwani akahisi moyo unaanza kuzama kama wiki iliyopita. Kisha yale macho yakarudi, yakatulia juu yake.

"Nakutaka wewe," alisema. "Kwa Kijapani hatujafika huko. Kwa Kiswahili ni hivyo. Nataka kukuoa, nataka ukinicheka unicheke tukiwa nyumbani, na sitaki upungue wala uongezeke hata kidogo."

Bwana Vigae alichukua simu yake, akaiweka sikioni, akatoka nje akiongea, ingawa hakuna aliyesikia simu ikiita.

Miwani aligeuka. Shangazi alikuwa amesimama, mkoba umebanwa kwapani, anamkagua Fundi Lifti kuanzia buti kwenda juu, bila haraka.

"Uliniomba sababu moja," alisema Miwani.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Shangazi."

"Imepauka."

"Itaoga."

"Shikamoo, mama," alisema Fundi Lifti, akipiga hatua mbele.

"Simama hapo hapo, utanijaza vumbi. Marahaba." Shangazi aliguna. Lilikuwa guno refu, la mtu aliyekwisha kuahidi kunyamaza na sasa anajutia. "Nyumbani kwetu ni ghorofa ya tatu, na lifti yetu nayo ni mbovu."

"Nitaitengeneza, mama."

"Nimekwambia utengeneze? Nimekuelekeza njia. Jumapili, saa kumi. Uje umeoga, na uje na mkubwa wako wa kukusemea, maana ukiachiwa wewe tutakaa mpaka kesho yake."

Darasa lilipiga makofi. Miwani alitaka kucheka, akataka kulia, akataka kukaa. Alishika kiti.

"Bado," alisema Sensei. Sauti yake kavu ilikuwa imelainika kidogo. "Wewe hujasema. Hakuna anayekaa kabla hajasema."

Miwani, ambaye hakuwahi kukosa sentensi, alisimama na chupa tupu mkononi. Alijaribu kutafuta la kupendeza: vitabu, theluji, safari. Hayakuja. Koo lilikuwa limekauka kama karatasi. Alimtazama Fundi Lifti usoni.

"Miizu ga nomitai desu," alisema.

"Mizu!" darasa lilipiga kelele. "Usivute!"

Lakini Fundi alikuwa ameshainyakua chupa mkononi mwake na kutoka mbio mlangoni, maana bomba lilikuwa chini kabisa, uani. Shangazi alitikisa kichwa, akakaa. Wengine wakaendea soda. Miwani alibaki amesimama karibu na mlango, akisikiliza zile buti zikishuka ngazi, zikififia, zikapotea. Akangoja. Na baada ya muda, kutoka chini kabisa, akazisikia zinapanda.